Pumba kwa Kuku, Haluli kwa Mwenye Kuku

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nyuma ya mama mmoja na debe lake la mahindi. Kijana wa mashine, unga umemjaa mpaka kwenye kope, akamuuliza: "Mama, nakoboa moja au mbili?"

"Mbili, mwanangu. Nataka utoke mweupe pee."

Mahindi yakakobolewa, yakarudishwa, yakakobolewa tena, na upande wa pili gunia la pumba likazidi kutuna. Mama hakuuliza habari za pumba. Aliyekuwa akizisubiri ni mzee mmoja mwenye baiskeli. Anafuga kuku wa mayai, na kwa maelezo yake kuku wale ukiwapunja chakula wanakupunja mayai.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye nguzo ya umeme, kuna kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: tunasafisha utumbo mpana, tunatoa sumu na uchafu wa miaka mingi, kitambi, gesi, choo kigumu na, chini kabisa kama ilivyo ada ya vibao hivi, nguvu za kiume. Namba ya simu ni ya WhatsApp.

Nilisagiwa dona yangu nikaondoka, lakini lile gunia na kile kibao vilinikaa kichwani wiki nzima. Tunamlipa mtu mmoja atutolee fagio la tumbo, halafu tunamlipa mwingine aje atufagilie. Na yule wa pili ni ghali kuliko wa kwanza.

Tuanze na pumba. Punje ya hindi ina ganda la nje, ina kiini, na ina ile sehemu kubwa nyeupe iliyojaa wanga. Ukikoboa unaondoa ganda na kiini, unabaki na wanga. Nyuzinyuzi nyingi ziko kwenye ganda. Mafuta, vitamini na madini mengi yako kwenye kiini. Wataalamu wetu wa lishe wamezipa nyuzinyuzi jina la makapimlo, jina ambalo sijawahi kulipenda. Makapi ni kitu cha kupepetwa kikatupwa. Ukimwambia mtu ale makapi umeshashindwa kabla hujamweleza faida yake. Isitoshe, sembe nyeupe ina heshima yake ya miaka mingi: ndio ugali wa mgeni. Wa dona tuliulishwa shule ya bweni, na wengi tuliapa kwamba tukipata kazi hatutauona tena mezani.

Sasa tuangalie kinachoendelea tumboni. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Mlo ukifika huko, utumbo mwembamba umeshachukua karibu kila kinachomeng'enywa. Kinachobaki ni maji, chumvichumvi na zile nyuzinyuzi ambazo vimeng'enya vyetu vimezishindwa. Maji yananyonywa taratibu. Nyuzinyuzi zinapokelewa na bakteria, matrilioni kwa matrilioni, wanaozichachua kama tunavyochachua togwa. Uchachuaji huo ndio unaotoa ile gesi inayotuaibisha kwenye daladala, lakini unatoa pia asidi fupifupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Kwa hiyo anayeshinda kwa chipsi, soseji na soda anashiba yeye, utumbo wake mpana unalala njaa.

Ukuta wenyewe hauweki takataka. Tabaka lake la ndani linajibandua na kujijenga upya kila baada ya siku chache, juu yake kuna ute unaoteleza, na misuli inasukuma mzigo mbele. Madaktari wanaoingiza kamera humo kila siku ya kazi hawakuti masizi ya miaka kumi yaliyoganda kama kwenye sufuria ya kuni. Hilo la "uchafu wa miaka mingi" ni hadithi ya muuzaji.

Na kwa wanaodhani habari za nyuzinyuzi ni mtindo mpya wa kuletwa na ndege, sehemu kubwa yake ilichimbwa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, kisha hospitali ya Mulago mjini Kampala, hadi 1966. Jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Lakini kuna jambo jingine lililomkaa rohoni: magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na vifuko vinavyotuna kwenye ukuta wa utumbo, kwa wanavijiji aliowahudumia yalikuwa adimu. Hugh Trowell, daktari aliyetumikia Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, alikuwa na wazo hilo hilo.

Mwaka 1972 Burkitt na wenzake wakachapisha kwenye jarida la Lancet vipimo ambavyo mtu mwenye haya asingevitamka mezani. Watu walimezeshwa vipunje vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, haja zao zikakusanywa kwenye mifuko, mifuko ikapimwa uzito na kupigwa picha ili kujua vipunje vimechukua muda gani kupita. Wanakijiji wa Uganda walitoa kwa wastani zaidi ya gramu 400 kwa siku, na mzigo ulipita kwa siku moja na nusu hivi. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa kama gramu 100, na mzigo wao ukachukua zaidi ya siku 3. Ukikaa na takwimu hizo kidogo utaona kilichomsisimua: choo cha mkulima wa Uganda kilikuwa kikubwa, laini na chepesi kutoka, na mwenyewe hakuwahi kununua dawa ya kusafisha chochote.

Burkitt alipenda mno wazo lake, na hapo lazima tumsahihishe. Wanakijiji wengi wa enzi zile hawakufika hospitali, na wengi walifariki kwa maradhi mengine kabla ya umri ambao saratani hii hupenda kushika. Nyuzinyuzi pia haziko peke yake. Pombe, sigara, kitambi na kukaa kutwa vina sehemu yao. Nyama vilevile: mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO, Shirika la Afya Duniani, uliiweka nyama ya kusindikwa, yaani soseji na ndugu zake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka, na kwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18 hivi. Gramu 50 ni soseji moja ya kawaida. Ile ya kwenye fremu ya chipsi, pale kona.

Mwaka huo huo wa 2015 ulichapishwa utafiti ninaoupenda kuliko yote. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walibadilishana mlo kwa wiki 2. Wamarekani wakapandishwa kutoka gramu kama 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55. Wa Afrika Kusini wakashushwa kutoka 66 hadi 12, wakaongezewa nyama na mafuta. Wiki 2 tu! Butireti kwa Wamarekani ikapanda zaidi ya maradufu, kwa Waafrika ikashuka kwa nusu, na dalili za uchochezi, yaani ule uvimbe na joto la mwili unaojipigania, kwenye ukuta wa utumbo zikageukia upande uliotarajiwa. Watu walikuwa na miili yao ile ile. Kilichobadilika ni sahani.

Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilitoa matokeo ya wanaume 77 wenye afya njema wa mkoa wa Kilimanjaro. Waliozoea mlo wa kijijini, wenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka, walihamishiwa mlo wa mjini wa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki 2. Viashiria vya uchochezi kwenye damu vikapanda. Waliozoea mlo wa mjini wakarudishwa kwenye mlo wa asili, vikashuka, na sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado inaonekana wiki 4 baadaye. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja na likapata nafuu ya aina hiyo. Najua Wachaga wataikata sentensi hii na kuituma kwenye makundi yao. Basi waikate na inayofuata: mbege ni pombe, na pombe inaongeza hatari ya saratani hiyo hiyo tunayoizungumzia.

Sisi wapenzi wa dona nasi tuna la kukiri. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa kunaipunguza. Si jambo la kufanyia mzaha. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua 317, wakafa 125. Mama wa debe la mahindi angeniambia anakoboa mara mbili kwa sababu hiyo, ningenyamaza. Anayekula dona achambue mahindi yake, atupe yaliyovunda na yenye ukungu, anunue yaliyoanikwa yakakauka vizuri. Akishindwa, asilazimishe, nyuzinyuzi hazikuapa kukaa kwenye mahindi peke yake.

Zipo kwa wingi mno kwenye maharage. Kikombe kimoja cha maharage mekundu yaliyopikwa kina gramu kama 13, na WHO inashauri mtu mzima apate angalau 25 kwa siku. Yaani bakuli la maharage ya mama ntilie, lile tunalolionea aibu mbele ya wageni, limekupa nusu ya safari. Ongeza kunde, mbaazi, choroko, njugu mawe, uji wa ulezi au mtama, mchicha, kisamvu, matembele, kiazi kitamu, pera, embe. Hakuna hata kimoja kinachouzwa kwenye kopo lenye picha ya mwanamke mwembamba. Viporo navyo vina siri yake. Wali, viazi au ndizi zilizopikwa zikapoa, sehemu ya wanga wake hubadilika ukawa mgumu kumeng'enywa, ukafika hadi utumbo mpana kulisha bakteria kama nyuzinyuzi zinavyofanya. Ila wali usiuache nje usiku kucha kwenye joto la Dar; kiporo cha namna hiyo kitakusafisha utumbo kwa njia nyingine.

Sasa nije kwa wasafishaji, na nianze kwa heshima, maana haluli, dawa ya kuharisha, tumeikuta. Mwisho wa likizo bibi yangu alikuwa anatupanga mstari wajukuu wote, kijiko cha mafuta ya nyonyo kwa kila mmoja, na kipande cha chungwa cha kuondoa ile ladha. Siku hiyo hakuna aliyecheza mbali na choo. Pwani wana sanamaki, inayopatikana maduka ya dawa za kiasili tangu enzi za majahazi. Wengine hutumia shubiri, wengine chumvi ya haluli. Sanamaki si ushirikina. Imo hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, kwa mtu aliyefunga choo, kwa kipimo, kwa siku chache.

Tatizo linaanza haluli inapogeuzwa utaratibu: kila mwezi, kila wiki, wengine kila siku kwenye chai ya kupunguza tumbo. Soma kijikaratasi cha chai hizo, kama kipo. Mara nyingi kilichomo ni sanamaki ile ile ya bibi imevalishwa suti. Dawa hizi zinaulazimisha utumbo usukume na kumwaga maji. Pamoja na maji inakwenda potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Kilo mbili zilizopungua kwenye mzani ni maji na choo, zinarudi ukishakunywa na kula. Chumvi ya haluli kwa mwenye figo dhaifu ni hatari, kwa sababu magnesiamu yake haipati pa kutokea. Na mtu anayeharisha baada ya kumeza kidonge cha uzazi wa mpango, cha kifafa au cha ARV, anaweza asipate dozi aliyodhani ameipata. Hilo la mwisho sijaliona hata siku moja kwenye kibao.

"Lakini mbona uchafu unatoka, na unaonekana?" Nimeulizwa hivyo na dada mmoja ofisini, akanionyesha picha kwenye simu: kitu cheusi, kirefu kama kamba ya katani, kinang'aa. Angalia unga aliouziwa. Wengi huchanganya maganda ya isabgol, yale yanayouzwa maduka ya Wahindi, na udongo laini unaovimba kwenye maji. Mchanganyiko huo ukikutana na maji tumboni unakuwa ute mzito kama mpira, unachukua umbo la utumbo na kutoka kama kamba. Amenunua kamba, ameimeza kama unga, ameiona ikitoka, na amempigia muuzaji simu kumshukuru. Cha kuchekesha ni kwamba isabgol yenyewe, bila udongo na bila maneno, ni nyuzinyuzi nzuri kabisa kwa mwenye choo kigumu, mradi aiteremshe kwa maji ya kutosha.

Kisha kuna wa mpira na maji, wanaoosha kutokea njia ya haja kubwa. Hawa wanakumbusha mwanzo wa karne ya 20, pale daktari bingwa wa London, Arbuthnot Lane, alipoamini kwamba choo kikikaa tumboni kinatia sumu mwili mzima, na akafika mahali pa kuwakata watu utumbo mpana kwa sababu ya kukosa choo. Wazo hilo lilikataliwa na madaktari wenzake takriban miaka 100 iliyopita. Kwetu linauzwa kama uvumbuzi. Kuhusu mashine zenyewe, kisa cha Colorado, Marekani, kinatosha. Kati ya 1978 na 1980 watu wasiopungua 36 walioshwa utumbo kwenye kliniki moja wakaambukizwa amiba, kijidudu cha kuhara damu. Kumi kati yao ilibidi wakatwe utumbo, na sita wakafariki. Mashine ilipopimwa ilikutwa na vijidudu hata baada ya kusafishwa kama ilivyokuwa desturi yao. Kutia kahawa humo ndani, jambo linalosifiwa sana mitandaoni, kumeunguza watu na kumewahi kuua.

Usafi wa kweli wa utumbo hauna bango. Nyuzinyuzi ziongezwe kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, na maji yaongezeke nazo. Anayeruka kutoka sembe hadi bakuli tatu za maharage kwa siku atajaa gesi na kunilaani. Maharage yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe. Na kuna habari ya kukaa chooni. Choo chetu cha kuchuchumaa, tulichokikimbia mara tu tulipojenga nyumba za vigae, kinanyoosha ule mkunjo wa mwisho wa njia ya haja ambao msuli huubana mtu akiwa ameketi. Mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga.

Kubwa kuliko kigoda ni kujizuia. Haja ina saa yake, mara nyingi asubuhi baada ya kunywa chai, na ukiipuuza maji yanaendelea kunyonywa, choo kinakuwa kokoto. Nenda sokoni uwaulize akina mama wa nyanya wanaokaa toka alfajiri hadi jioni. Choo cha kulipia kiko mbali, hakina maji, na nani atabaki na biashara? Uliza mtoto wa shule yenye matundu machache ya vyoo na milango isiyo na komeo. Hawa wana choo kigumu kwa sababu ya halmashauri na bajeti, na kuwauzia chai ya sanamaki ni kuwatibu kwa kosa la mtu mwingine.

Nimeliacha la damu hadi mwisho kwa sababu ndilo linalonikera zaidi. Kwetu damu kwenye choo ina jina moja tu, bawasiri, na bawasiri ina muuza dawa kila mtaa. Mara nyingi kweli ni bawasiri. Lakini damu, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, uzito unaopungua bila sababu na upungufu wa damu kwa mtu mzima ni dalili za saratani ya utumbo mpana pia, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa kukutazama usoni au kwa kupokea ujumbe wako wa WhatsApp. Kila mwaka dunia inapata wagonjwa wapya wa saratani hii karibu milioni 1.9. Huanza mara nyingi kama kinyama kidogo kinachochukua miaka mingi kuharibika, na kikionekana mapema kinaondolewa kwa kamera ile ile iliyokiona. Marekani siku hizi wanashauri watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 45, hata bila dalili.

Mjomba wangu alikuwa na 58. Damu aliiona mwezi wa Ramadhani, akaambiwa ni bawasiri na tumbo chafu. Akanywa chupa ya kwanza, akaharisha siku mbili, akajisikia mwepesi. Ikaja ya pili, ya tatu. Karibu mwaka ulipita. Siku alipofikishwa hospitali ya rufaa alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kutweta. Jioni ile wakampa ungaunga wa kuchanganya na lita kadhaa za maji, anywe taratibu usiku kucha, kwa sababu kabla ya kamera kupita utumbo lazima uwe mtupu. Akanitazama akacheka kidogo: "Mwanangu, kumbe hata hapa wanasafisha." Asubuhi kamera ikaingia. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, umeziba zaidi ya nusu ya njia. Alifanyiwa upasuaji wiki ya pili, na sasa anatembea na mfuko ubavuni. Chupa mbili ambazo hajazifungua mkewe bado anazo juu ya kabati. Anasema zilinunuliwa kwa pesa ya mbuzi, hana moyo wa kuzimwaga.